Fangasi iliyotufukuzia radiata

Nimepotea kidogo, nilikuwa kwenye msuli, Jumatano tuna test ya magonjwa ya miti. Sasa kuna ukurasa mmoja wa desa umeniganda kichwani, acha niwamegee.

Ukipita Mufindi, pale Sao Hill, mipaini mingi unayoiona ni patula, asili yake Mexico. Mimi nilijua Waingereza waliupenda tu. Kumbe kulikuwa na mwenzake, radiata. Huo kwao ni vipande vitatu tu vya pwani ya California na visiwa viwili vya Mexico, lakini ukiupeleka ugenini unakua kwa fujo. Wakoloni wakaupanda Kenya na Tanganyika.

Mwaka 1957 ugonjwa ukaonekana Tanganyika, na 1960 Kenya. Ni fangasi inaitwa Dothistroma, inaishi ndani kabisa ya yale majani membamba kama sindano. Mbegu zake zinarushwa na matone ya mvua, zinaota juu ya jani, halafu zinaingilia kwenye vile vitundu ambavyo jani linapumulia. Hapo inakaa kimya wiki kadhaa, hata miezi, na wewe unaona mti mzima wa kijani. Baadaye jani linatoa mikanda myekundu, ncha inakauka, linadondoka. Inaanzia matawi ya chini inapanda juu, na miti michanga ndiyo inayoumia zaidi.

Kwao radiata hupata kiangazi kikavu. Huku milimani tukaupa ukungu na mvua za msimu wa joto, yaani tuliiandalia fangasi karamu! Kenya, ambako mtaalamu I.A.S. Gibson aliufuatilia ugonjwa huu kwa miaka, waliacha kupanda radiata mwanzoni mwa miaka ya 1960. New Zealand ugonjwa uligunduliwa 1964, ila wao walikomaa na radiata yao, tangu 1966 wanaipulizia dawa ya shaba kwa ndege. Wana hela na mbao zao karibu zote ni huo mti, wangefanyaje?

(Halafu sikieni hii: ile sumu nyekundu ya Dothistroma ni ndugu wa sumukuvu, hiihii ya mahindi na karanga. Nilishtuka.)

Kwa hiyo patula haukushinda kwa uzuri, ulibaki kwa sababu fangasi hii haiuumizi sana. Hapo ndipo nilipomkumbuka baba mdogo, ana ekari nne Mufindi, zote patula, ndiyo pensheni yake. Jana nikampigia.

"Shikamoo baba. Matawi ya chini yakoje?"

"Marahaba. Ya chini? Nani anaangalia ya chini, mwanangu? Mimi naangalia unene."

Nikamwomba aende na simu, anipige picha za majani ya chini, yale ya zamani. Kasema Jumamosi.