Mtoto wa Jicho Akishakomaa

Mwalimu akikosea mbele ya darasa hufuta ubao, akaandika upya. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na kwa miaka mingi mkuu wa chuo cha ualimu, lakini liko kosa moja ambalo sikuweza kulifuta.

Kaka yangu alikuwa mkulima Handeni. Mwaka 1993 jicho lake la kulia lilianza kuingia ukungu. Akapanda basi katika barabara ya vumbi ya wakati ule, akanifuata Korogwe. "Mdogo wangu," akaniambia, "wewe ndiye uliyesoma. Niende hospitali?" Nikamjibu kwa kujiamini: ngoja mtoto wa jicho akomae, ndipo atolewe. Ndivyo nilivyosoma katika kitabu cha zamani. Akangoja miaka mitatu.

Kitabu hakikusema uongo. Kilikuwa kimepitwa na wakati. Kwa karne nyingi waganga walisukuma lenzi iliyofifia kwa sindano mpaka ikadidimia ndani ya jicho. Mwaka 1753 Mfaransa Jacques Daviel alitangaza njia yake ya kupasua jicho na kuitoa lenzi nje. Kwa njia hiyo lenzi iliyokomaa ilitoka kwa urahisi, na ile changa iliacha mabaki yaliyoleta uvimbe. Kungoja ilikuwa hekima.

Kisha mwaka 1949, mjini London, Harold Ridley alimwekea mgonjwa lenzi ya plastiki. Taratibu kile kifuko chembamba kinachoifunika lenzi, chembamba kuliko unywele, kikawa nyumba ya lenzi mpya, na nyumba haibomolewi ovyo. Katikati ya miaka ya 1980, Howard Gimbel wa Kanada na Thomas Neuhann wa Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walionyesha namna ya kukichana kwa mduara mmoja usio na pengo. Akina mama wanaijua siri hiyo: khanga iliyokunjwa pindo haichaniki ovyo, lakini ikitiwa mkato mdogo ukingoni, huchanika mpaka mwisho.

Hapo ndipo ukomavu ulipogeuka kuwa adui. Lenzi iliyokomaa sana huwa nyeupe kama maziwa na huvimba. Daktari haoni tena ule mng'ao mwekundu wa nyuma ya jicho unaomwonyesha utando, na msukumo wa ndani ukikutana na tundu dogo la sindano, kifuko hupasuka kuelekea pande zote mbili. Ndivyo ilivyomtokea kaka mwaka 1996. Lenzi haikuweza kuwekwa, akapewa miwani minene. "Naona, mdogo wangu," alisema, "ila chai naimwaga nje ya kikombe." Hakunilaumu hata siku moja, na hilo ndilo lililoniuma.

Dunia haikukaa kimya. Mwaka 1999 madaktari wa Uholanzi walieleza jinsi ya kukipaka kifuko rangi ya buluu ili kionekane. Tangu hapo mpasuko ule umeitwa bendera ya Argentina: buluu, nyeupe, buluu. Mwaka 2008 Zoltán Nagy wa Budapest alianza kukata mduara ule kwa leza inayoongozwa na kompyuta. Mwaka 2017 Marekani iliruhusu kifaa kiitwacho Zepto: pete ndogo inayonyonya utando, kisha umeme hukata duara zima kwa mara moja, badala ya mkono kulichana hatua kwa hatua. Hata hivyo mashine si muujiza. Katika jicho jeupe, yale maji ya maziwa yakimwagika huweza kuizuia leza, pakabaki sehemu ambazo hazikukatika.

Vifaa hivi ni vya gharama kubwa, na vingi viko katika nchi ambazo mtu hupasuliwa mapema, jicho likiwa bado jepesi kutibiwa. Macho magumu yako kwetu, kwa sababu tunachelewa: kwa umbali, kwa nauli, na kwa ushauri kama ule wangu.

Jicho langu lilipoanza ukungu, sikungoja. Na kila anayekuja kwangu kutoka Handeni kuniuliza alichoniuliza kaka, kwanza namsimulia habari ya kikombe cha chai. Kisha namuuliza kama nauli anayo.