Madoa ya Kaposi Hayakuanza na Ukimwi

Kwetu Zombe, mtu akitokea madoa meusi miguuni na uvimbe ukafuata, hukumu hutoka kabla ya daktari. Vijana wanasema ni ukimwi tu. Wazee wanasema ukoo wake umeshikwa na kithitu. Naona kama tungejua historia ya huu ugonjwa, wengi wetu tungenyamaza kidogo.

Saratani ya Kaposi inaitwa hivyo kwa sababu ya Moritz Kaposi, daktari wa ngozi wa Vienna aliyeieleza mwaka 1872. Ukimwi ulikuja kutambuliwa 1981. Hesabu mwenyewe hiyo miaka. Na si ya wazungu peke yao: hapa jirani, Kampala, madaktari walikuwa wanaiona sana mpaka 1961 wakaifanyia kongamano lake pekee. Baadaye ukimwi ukaingia, kinga za watu zikaanguka, na saratani hii ikapanda mbio. Ndio watu wakachanganya hizo mbili.

Kirusi chenyewe kilipatikana 1994. Yuan Chang na Patrick Moore, wakiwa New York, waligundua kile kinachoitwa HHV-8. Kinaenea zaidi kwa mate, na huku Afrika Mashariki wengi hukipata wakiwa watoto. Lakini sasa sikia: wengi walio nacho hawapati saratani maisha yao yote.

Basi mbona huyu augue na yule asiugue? Kinga iliyodhoofika ni jibu moja. Lingine liko kwenye jeni. Mwaka 2013 watafiti walieleza kisa cha msichana wa Uturuki aliyeanza kuugua Kaposi utotoni. Alikuwa amerithi jeni mbovu kutoka kwa wazazi wote wawili, ile inayotengeneza OX40, protini inayosaidia askari wa mwili kupigana. Kasoro kama hiyo ni nadra sana, haielezi kila mgonjwa. Ila inaonyesha kwamba kitu kinaweza kutoka kwenye ukoo na kisiwe laana ya mtu yeyote.

Hospitalini watakata kipande kidogo cha ngozi wakipime, na virusi vya ukimwi pia vipimwe, kwa sababu matibabu hutegemea majibu yote mawili.

Kwa hivyo ukiwa Nairobi na upigiwe simu ati binamu ametokea madoa, usianze kuuliza alilala na nani. Uliza kama ameenda hospitali, na kama nauli iko.