Rangi ya Ganda, Damu ya Jogoo

Sokoni Masumbwe, wilayani Mbogwe, mnunuzi wa mayai halazimiki kumwona kuku, ganda linamtosha. Yai dogo lenye weupe uliofifia ni la kienyeji, na lina bei yake. La kahawia iliyokolea ni la kisasa, limekuja kwa trei. Ubishi uko katikati: yai la rangi ya chai ya maziwa, lililolizidi la kienyeji kwa ukubwa. Hilo ni la chotara, na wapo wanaolikataa wakidai kwamba damu ya kuku wetu imechafuliwa.

Dai hilo halina mashiko, maana damu hiyo haijawahi kuwa moja. Mifupa ya kale zaidi inayojulikana ya kuku wa kufugwa ilifukuliwa Ban Non Wat, Thailand. Utafiti wa 2022 uliipa umri wa kati ya mwaka 1650 na 1250 KK. Katika pwani yetu, mifupa ya kuku imepatikana kwenye magofu ya Unguja Ukuu. Kuku hutembea na watu, na Wasumbwa, wenyeji wa huku Mbogwe, walikuwa wasafiri hodari: Msiri, aliyetoka kwao, alifika na misafara hadi Katanga, akatawala huko mpaka alipouawa 1891. Hata kuchi, yule mrefu wa shingo iliyosimama anayesifika Mwanza na Zanzibar, ana vinasaba vya upande wa mama vinavyoshabihiana na vya Shamo, kuku wa kupigana wa Japani. Tunayemwita wa kienyeji ni chotara wa karne nyingi.

Rangi ya ganda ni ushahidi wa mchanganyiko huo. Ganda huchukua takriban saa 20 kujengeka tumboni, na rangi ya kahawia hupakwa zaidi katika saa za mwisho, ndiyo maana ukilivunja yai la kisasa, ndani ganda ni jeupe. Jogoo aliyempanda tetea leo habadilishi rangi ya yai la kesho. Athari yake huonekana kwa binti zake watakapoanza kutaga. Yapo hata mayai ya bluu. Wamapuche, wenyeji wa Chile, walifuga kuku wanaoyataga, na Mhispania Salvador Castelló aliwatambulisha kuku hao kwenye mkutano wa kuku mjini The Hague mwaka 1921. Mwaka 2013 wanasayansi walieleza chanzo: kirusi cha kale kilichojipachika katika vinasaba vya kuku. Bluu hiyo hupenya ganda lote, na jogoo wa ukoo huo akikutana na tetea wa mayai ya kahawia, mabinti wengi hutaga ya kijani.

Huku kwetu hakuna aliyechanganya kuku kwa ajili ya rangi. Kilichotafutwa ni nyama na wingi wa mayai. Kenya ilianza mpango wa kitaifa mwaka 1976, wakulima wakipewa majogoo wa kigeni kwa kubadilishana na wa kwao. Kisha akaja Kuroila, aliyetengenezwa India na kampuni ya Vinod Kapur, na Saso kutoka Ufaransa. Kuanzia 2014 mradi wa ACGG wa kuboresha kuku wa Afrika, chini ya taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, uliwajaribu hao wawili vijijini Tanzania ukishirikiana na watafiti wa TALIRI, taasisi ya utafiti wa mifugo Tanzania, na Chuo Kikuu cha Sokoine. Ukanda wa dhahabu, ambamo Mbogwe imo, una walaji wengi, na kuku anayekua haraka hakosi mteja.

Faida ipo, nami siibezi. Ila kuna kilichopotea, nacho kinaniuma. Koo wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, kisha homoni ya prolaktini humpandisha joto la kuatamia. Hukaa siku 21, akiyageuza mayai, akitoka kidogo tu kula na kunywa, halafu hulea vifaranga kwa wiki kadhaa. Kwa mwenye kampuni ya kuzalisha kuku, muda huo wote ni mayai yasiyotagwa, kwa hiyo kizazi baada ya kizazi kuku wanaolalia waliondolewa. Chotara hurithi upungufu huo. Mama aliyezoea kupata vifaranga bure nyuma ya jiko sasa hununua vifaranga, au hutegemea mashine na umeme.

Wafugaji wengi wamejibu kwa busara yao: mayai ya chotara huwekewa koo wa kienyeji, yakiwa na alama ya mkaa ili atakayoongeza mwenyewe yajulikane. Baada ya wiki humulikwa kwa tochi usiku, yasiyo na mbegu yatolewe. Vifaranga hupewa chanjo ya mdondo, tone la jichoni linalorudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Anayetaka kuendeleza ukoo kutoka hapo huwa mwangalifu zaidi kwa dume. Hulka ya kulalia hupita pia kwa baba, hivyo pora anayeachwa awe jogoo huchaguliwa miongoni mwa watoto wa koo aliyetotoa mwenyewe na kuwafikisha vifaranga wake ukubwani.