Kabla ya nywila: nani aliruhusiwa kuiona picha?

Wiki hii naweka kando programu, nizungumzie picha za filimu, zile za kamera ya kufungua mgongo na kutia mkanda ndani. Msidhani nimehama mada. Swali linalotusumbua sisi waandishi wa programu kila siku ni hili: nani aruhusiwe kuona nini? Tangu miaka ya 1970 mfumo wa Unix umekuwa ukilijibu ndani ya kila faili: mwenye faili ana ruhusa zake, kikundi chake kina zake, na watu wengine wote wana zao. Hapa pwani, picha za filimu nazo zilikuwa na ruhusa zake, ila hazikuandikwa popote. Zilikaa kwenye karatasi, kwenye kabati na vichwani mwa watu. Leo tunaziingiza picha hizo kwenye simu, na kitu cha kwanza kupotea njiani ni ruhusa hizo.

Tuanze mbali kidogo, Unguja. Huko A. C. Gomes, mtu wa asili ya Goa, alikuwa na studio tangu karne ya 19. Kufikia mwanzo wa karne ya 20, wapiga picha wa Unguja na Mombasa walikuwa wakitoa postikadi za kuuzia abiria wa meli na Wazungu waliokaa huku. Nyingi zina wanawake waliopambwa vizuri, na chini yake maandishi mafupi ya namna ya "msichana wa Kiswahili". Jina hakuna. Postikadi ilibandikwa stempu, ikavuka bahari, ikasomwa na kila aliyeishika mpaka ikafika London au Berlin. Aliyepigwa hakuwa na njia ya kujua imefika wapi. Kwa lugha yetu ya kompyuta, faili lilifunguliwa kwa dunia nzima, na mwenye sura hakuulizwa.

Baadaye wakaja wateja wa aina nyingine: wenyeji walioingia studio kwa miguu yao, wakalipa, wakaondoka na picha yao. Mjini Mombasa, N. V. Parekh aliwapiga picha watu wa kila kabila la mji kuanzia miaka ya 1940. Kazi yake ilikusanywa na Isolde Brielmaier katika kitabu kilichotoka 2022, na ukiitazama unaona kwamba mteja alikuwa na sauti. Alichagua nguo, alichagua namna ya kukaa, alichagua wa kukaa naye. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikuwa akiunganisha picha kwa mkono, uso wa mtu ukatokea ndani ya ua au ndani ya moyo. Ninyi mnaotumia programu za kuhariri picha mnajua kazi ya leya. Yeye leya zake zilikuwa mkasi, karatasi na chumba cha giza.

Hebu sasa tuangalie mtambo wenyewe, maana siri iko hapo. Filimu ikishapigwa na kuoshwa hutoa negativu, ambapo penye mwanga panakuwa peusi na penye giza panakuwa peupe. Negativu moja inaweza kutoa picha kumi, hata mia. Kwa desturi mteja alichukua picha na studio ikabaki na negativu, imetiwa namba, kwa ajili ya siku atakayorudi kutaka nyingine. Ndiyo kusema mteja alikwenda nyumbani na programu iliyokwisha kutengenezwa, na msimbo wenyewe ukabaki kwa fundi. Aliyekuwa na negativu ndiye aliyekuwa na uwezo wa kunakili.

Kwa hiyo uaminifu wa mpiga picha ulikuwa jambo kubwa. Mwanamke aliyekuwa akivaa buibui barabarani angeweza kulivua mbele ya kamera, kwa sababu alijua macho yatakayoiona picha ile: ya mumewe, ya dada zake, ya shoga zake. Mbali na hao alikuwa mpiga picha peke yake, na huyo alijulikana kwa jina na kwa mtaa.

Picha nyeusi na nyeupe ziliisaidia hali hiyo, kwa sababu fundi aliweza kuziosha mwenyewe. Dawa zake kwa kawaida hupimwa kwa nyuzi 20 za Sentigredi, na kwa kuwa maji ya bomba ya Mombasa ni ya moto kuliko hivyo, fundi alilazimika kuyapoza au kupunguza dakika. Lakini yote yaliwezekana katika chumba chake kimoja. Rangi zikabadilisha mambo. Njia ya C-41, iliyotoka 1972, inataka dawa ya kwanza ikae kwenye nyuzi 38 hivi, kwa dakika 3 na sekunde 15, bila kuyumba. Hiyo ni kazi ya mashine. Filimu ikaanza kutoka studio kwenda kwa mtu wa mashine, mtu ambaye mteja hakumjua. Mnyororo ukaongezeka pete moja, na aliyepigwa picha hakuwa ameikubali pete hiyo. Si ajabu kwamba Heike Behrend, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliweza kuandika kitabu kizima, kilichotoka 2013, juu ya namna watu wa pwani hii walivyoipokea kamera na walivyoikataa.

Kulikuwa na picha nyingine ambazo zilipigwa kusudi zionwe na wengi. Kutoka huku kwetu Utange unavuka daraja la Nyali, unakipasua kisiwa, unatokea kwenye feri ya Likoni. Miaka ya 1990 mahali pale palijaa vibanda vya wapiga picha, wengi wao watu wa bara waliokuja kutafuta riziki. Walitundika mapazia yaliyochorwa meli na ndege, mteja akasimama mbele yake, na picha ikaenda nyumbani bara kuwaonyesha jamaa kwamba fulani yuko Mombasa na mambo yake si mabaya. Kisha Agosti 1997 zikazuka ghasia za Likoni, zilizowalenga watu wa bara, watu wakauawa na maelfu wakakimbia. Mpiga picha anapokimbia, na negativu zake zinakwenda na maji. Wateja wake walibaki na zile karatasi tu, kama zilifika salama.

Nyumbani ruhusa zilikuwa na ngazi. Picha ya harusi yenye fremu ilitundikwa sebuleni: hiyo ni ya kila anayebisha hodi. Albamu ilitolewa baada ya chai, kwa mgeni wa kukaa. Tena haikutolewa peke yake, mwenyewe alikaa ubavuni akifunua kurasa na kueleza: huyu ni mjomba wako, hapa ni Malindi, huyu tuligombana lakini alikuwa mtu mzuri. Halafu kulikuwa na bahasha ya ndani ya kabati, chini ya kanga. Hiyo ilikuwa ya watu wawili watatu duniani.

Nilizielewa ngazi hizi vizuri nilipoanza kuwapigia skani majirani hapa Utange. Mama mmoja wa makamo alileta albamu, akanipa picha moja moja. Alipofika ya saba akaigeuza kifudifudi mezani.

"Hii je, mama?"

"Hiyo ni ya kuangalia, mwanangu, si ya kutia humo ndani. Humo ndani hamna mlango."

Nimesoma maelezo mengi ya usalama wa data, na sijaona yaliyosema kwa ufupi kama hayo.

Hamna mlango kweli. Mwaka 1975 Steven Sasson wa kampuni ya Kodak alitengeneza kamera ya dijitali yenye pikseli 10,000 tu, ikichukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti. Mwaka 2012 Kodak ikaomba kinga ya kufilisika. Katikati ya miaka hiyo kunakili picha kulikoma kuwa kazi ya fundi, kukawa kazi ya kidole. Negativu ilikuwa moja. Faili halina asili wala nakala, yote ni sawa. Ndiyo maana katika sherehe nyingi za kupamba hapa Mombasa wageni wanaambiwa simu zibaki nje. Ni sheria ileile ya bahasha ya kabatini. Serikali nayo ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi wao.

Sisemi picha za zamani zisipigwe skani. Joto na unyevu wa pwani vinazila kila mwaka, na mchwa hawaulizi ruhusa ya mtu. Kwa wanaotaka kuanza: negativu ya milimita 35 ina ukubwa wa milimita 24 kwa 36, na ukiipiga skani kwa nukta 2,400 kwa inchi utapata pikseli milioni 7.7 hivi, zinazotosha kuichapisha upya. Kwa picha ya karatasi ya inchi 4 kwa 6, nukta 600 zinafaa. Piga na upande wa nyuma, kwa maana ndiko waliandika tarehe, jina na salamu, na skana haiwezi kuyabuni hayo.

Halafu ongeza safu moja ambayo programu nyingi za picha hazina. Mimi nimeiweka katika lahajedwali ya kawaida tu, kando ya jina la faili: sebuleni, albamu, au kabatini. Anayeijaza si mimi, ni mwenye picha. Ikiwa aliyepigwa bado yu hai, ajaze yeye. Kwa hiyo usianze na skana. Anza na bibi yako, ukae ubavuni mwake albamu ikiwa wazi, umuulize picha moja moja ni ya nani kuiona. Skana utaipata hata mwaka ujao.