Usalama wa nani?



Katika lugha yetu, anayekutana na mwenzake humwuliza: "Salama?" Hamwulizi habari za jeshi wala za mipaka. Ataka kujua kama mwili ni mzima, kama watoto wamekula, kama nyumba imelala vizuri. Lakini tukisikia "watu wa usalama", mara twawaza bunduki, na ofisi ambamo raia huogopa kuingia. Maneno hayo yana shina moja, ila yametengana mbali. Katika siasa ya mataifa pia neno usalama limekuwa na maana hizo mbili, na yafaa tujue jinsi zilivyoshindana.

Kwa karne nyingi usalama ulikuwa wa dola. Mapatano ya Westphalia ya mwaka 1648, yaliyomaliza vita vya miaka 30 huko Ulaya, yalikuja kuhesabiwa kuwa chanzo cha desturi kwamba kila dola ina mamlaka katika eneo lake, na nyingine zisiingilie. Wazo hilo lilikuwa na nguvu bado tarehe 26 Juni 1945, nchi 50 zilipotia sahihi Hati ya Umoja wa Mataifa mjini San Francisco. Baraza la Usalama lilipewa kazi ya kuzuia uvamizi wa dola moja juu ya nyingine, na mataifa matano makubwa yakapewa kura ya turufu.

Wakati wa Vita Baridi, usalama ulizidi kupimwa kwa silaha. Sisi Wakongomani tunaujua wakati huo. Mnamo Machi 1977, na tena Mei 1978, waasi waliingia Shaba wakitokea Angola. Mara ya kwanza walikuja askari wa Moroko waliosafirishwa na ndege za Ufaransa. Mara ya pili wanajeshi wa miavuli wa Ufaransa na wa Ubelgiji walishuka Kolwezi. Machoni pa mataifa ya Magharibi, Zaire ilikuwa imeokoka. Mpaka ulirudi mahali pake, na Mobutu alibaki kitini miaka mingi. Mwalimu asiyelipwa na mgonjwa asiyepata dawa hawakuhesabiwa katika usalama huo.

Sauti nyingine ilikuwa imekwisha kusikika. Baada ya hofu ya vita vya nyuklia juu ya Kuba, Oktoba 1962, Papa Yohane wa XXIII alitoa waraka wa Pacem in terris, tarehe 11 Aprili 1963. Alifundisha kwamba amani haiwezi kusimama juu ya mizani ya silaha, na alianza na haki za mtu: uhai, chakula, mavazi, makao, matibabu.

Miaka 31 baadaye wazo lililo karibu na hilo liliingia katika lugha ya Umoja wa Mataifa. Ripoti ya PNUD ya mwaka 1994, iliyoongozwa na mchumi Mpakistani Mahbub ul Haq, ilisema juu ya usalama wa binadamu, na kutaja sehemu zake saba: uchumi, chakula, afya, mazingira, mtu mwenyewe, jumuiya na siasa.

Mwaka huohuo ulikuwa wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda. Tarehe 21 Aprili, mauaji yakiendelea, Baraza la Usalama liliamua kupunguza askari wake huko wabaki kama 270. Mwezi Julai mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Goma, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu. Kambini walikuwamo pia wenye silaha walioshiriki mauaji, na vita vikafuata hadi kwetu. Maji machafu na bunduki vilivuka mpaka pamoja.

Tangu hapo maazimio yamebadilika. Mwaka 2000 MONUC ilipewa jukumu la kuwalinda raia walio hatarini, na azimio namba 1325 likataja nafasi ya wanawake katika amani. Mwaka 2018 Baraza lilitoa azimio namba 2439 juu ya Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, ugonjwa uliokuja kuua zaidi ya watu 2,200, huku waganga wakishambuliwa.

Hata hivyo tusidanganyike na maneno. Novemba 2012 M23 iliteka Goma, ingawa maelfu ya askari wa Umoja wa Mataifa walikuwa nchini. Na mwaka 2011, huko Libya, ruhusa iliyotolewa ili kuwalinda raia iliishia katika kuangushwa kwa serikali, na raia hawakupata utulivu. Tusiseme basi kwamba dola na mpaka havina maana: asiye na dola ya kumtetea huwa mawindo. Twasema kwamba dola ni ukuta, na ukuta hujengwa kwa ajili ya wakaao ndani. Ukuta uliosimama juu ya watu wenye njaa na hofu umepoteza kazi yake.

Tarehe 9 Desemba 2015, kwa azimio namba 2250, Baraza la Usalama liliwataja vijana kuwa washiriki katika kujenga amani. Jukumu hilo latuhusu.

Tujadiliane katika vikundi vyetu:
1. Katika mtaa wetu, ni nani asiye salama hata siku ambapo hakuna risasi inayolia?
2. Kati ya zile sehemu saba, ni ipi tunayoweza kuishughulikia sisi wenyewe mwaka huu?
3. Tunapowaomba viongozi usalama, huwa tunaomba nini hasa?