Kibarua cha Everest

Machi 1953 msafara wa Waingereza uliokuwa ukielekea Everest ulikusanyika Kathmandu, mji mkuu wa Nepal. Wazungu walipewa vyumba katika ubalozi wa Uingereza. Washerpa, ambao ndio wangepandisha mizigo hadi juu, walionyeshwa gereji iliyowahi kuwa banda la farasi, isiyo na choo, wakaambiwa walale sakafuni. Kiongozi wao, Tenzing Norgay, aliwatuliza usiku ule. Kulipokucha wakajipanga barabarani mbele ya gereji na kukojoa hapo hapo, ubalozi ukitazama.

Miezi miwili na ushei baadaye, tarehe 29 Mei, Tenzing alisimama kileleni pamoja na Edmund Hillary wa New Zealand. Hillary na mkuu wa msafara, John Hunt, walitunukiwa na Malkia wa Uingereza cheo cha Sir. Tenzing alipewa nishani.

Picha ya kileleni imezunguka dunia nzima; habari ya gereji haikufika mbali. Lakini atakayetaka kuielewa biashara ya leo, ambapo mtu mwenye pesa hulipa kampuni impeleke mita 8,849 juu ya usawa wa bahari, heri aanzie gerejini. Everest kwa Waingereza ilikuwa ushindi, kwa wengine likizo. Kwa Washerpa ilikuwa ajira tangu siku ya kwanza, na ugomvi wake ni ule ule wa kila ajira: nani anabeba, nani analipwa, nani anakufa.

Ajira hiyo ilianzia Darjeeling, India. Washerpa ni watu wa mabonde ya juu ya Khumbu, chini ya Everest, na wengi wao walihamia Darjeeling kutafuta vibarua vya barabara na mashamba ya chai ya Waingereza. Mwanakemia wa Kiskoti, Alexander Kellas, alipanda milima mingi akiwa nao tu, bila Mzungu mwingine, na ndiye aliyewasifu kwa wenzake. Msafara wa kwanza wa Everest mwaka 1921 ukawachukua. Nepal wakati huo ilikuwa imewafungia wageni milango, hivyo njia ilikuwa kuzunguka kupitia Tibet, mwendo wa wiki nyingi.

Mwaka uliofuata ndipo hesabu ya kwanza ilipotoka. Tarehe 7 Juni 1922, Mwingereza George Mallory aliongoza kundi kupanda tena mteremko uliokuwa umejaa theluji mpya. Theluji ikaporomoka. Wapagazi saba walikufa. Waingereza wote walisalimika. Howard Somervell, daktari aliyekuwepo, aliandika baadaye kwamba alitamani angalau Mwingereza mmoja angekufa pamoja nao. Ni maneno mazito, na ni ya kiungwana, ila hayakubadilisha mpangilio wa kamba: katika misafara iliyofuata Washerpa waliendelea kubeba.

Hadi miaka ya 1980 aliyepanda Everest kwa kawaida alikuwa mpanda mlima mzoefu, aliyetumwa na chama au taifa lake. Aliyevunja utaratibu huo ni Dick Bass, tajiri wa Texas mwenye hoteli ya mchezo wa kuteleza thelujini. Yeye na rafiki yake Frank Wells walipania kupanda mlima mrefu kuliko yote katika kila bara, Kilimanjaro ukiwemo, ambao waliumaliza mwaka 1983. Everest uliwashinda mara kadhaa. Tarehe 30 Aprili 1985 Bass alifika juu akiwa na miaka 55, akiongozwa na David Breashears, mpandaji hodari wa Marekani, pamoja na Msherpa Ang Phurba. Wenye pesa wa dunia wakasikia jambo moja: kumbe inawezekana.

Rob Hall na Gary Ball wa New Zealand hawakulaza damu. Walifungua kampuni, na mwaka 1992 wakawafikisha kileleni wateja sita kwa mpigo. Ball alifariki mwaka uliofuata katika mlima Dhaulagiri. Hall akaendelea, na kufikia 1996 alikuwa akitoza dola 65,000 kwa kichwa.

Tarehe 10 Mei mwaka huo wateja wake na wa mshindani wake, Scott Fischer wa Marekani, walichelewa kugeuka, dhoruba ikawakuta juu. Kwa jumla watu wanane walikufa mlimani, Hall na Fischer wakiwamo. Kinachokumbukwa zaidi ni Hall kuzungumza na mkewe kwa simu ya redio akiwa ameganda karibu na kilele. Kinachokumbukwa kidogo ni kwamba kesho yake Ang Dorje na Lhakpa Chhiri, Washerpa wa kampuni yake, walipanda tena katika upepo ule ule kwenda kumtoa, wakarudishwa na dhoruba wakiwa wamebakiza kipande tu.

Mwandishi Jon Krakauer, aliyekuwa miongoni mwa wateja wa Hall, aliandika kitabu kuhusu maafa hayo. Mtu angedhani biashara ingekufa. Wapi! Foleni ndiyo ikarefuka.

Na mteja hununua nini hasa? Kila masika kikosi cha Wanepali wanaoitwa madaktari wa barafu hutangulia kufunga ngazi za aluminiamu na kamba katika mteremko wa Khumbu, mto wa barafu unaosogea na kupasuka kila siku juu kidogo ya kambi kuu. Wengine hufunga kamba hadi kileleni. Wengine hupandisha mahema, gesi, chakula na mitungi ya oksijeni katika kambi nne. Mteja hupanda na kushuka mara chache ili mwili uzoee hewa nyepesi. Mpagazi huvuka Khumbu mara nyingi zaidi, mgongo ukiwa na mzigo, usiku, kabla jua halijalegeza barafu. Aliyewahi kuwaona wapagazi wa Kilimanjaro wakiwapita watalii njiani, vichwa vimejaa mizigo, atautambua utaratibu huu mara moja.

Ndiyo maana tarehe 18 Aprili 2014 ilifanana mno na ile ya 1922. Kipande cha barafu kiliangukia njia ya Khumbu alfajiri na kuua wafanyakazi 16, wote Wanepali. Hakufa mteja hata mmoja. Serikali ya Nepal, inayokusanya mamilioni ya dola za vibali, ikatangaza rupia 40,000 kwa kila familia kwa ajili ya mazishi, kama dola 400 hivi. Safari hii Washerpa hawakuishia kukojoa barabarani. Walifanya mkutano kambini, wakatoa madai, wakakataa kupanda. Msimu ukafa. Bima ya maisha ikapandishwa kutoka rupia milioni moja hadi milioni moja na nusu.

Kugoma kulikuwa nusu tu ya mageuzi. Nusu nyingine ilikuwa ofisini. Mingma Sherpa, Mnepali wa kwanza kupanda milima yote 14 inayozidi mita 8,000, alianzisha kampuni na ndugu zake mwaka 2010, wengine wakafuata. Walitoza bei ndogo kuliko Wazungu, wakachukua wateja, na leo Wanepali ndio wenye sehemu kubwa ya soko. Urahisi huo una gharama yake. Mei 2019 picha ya foleni ndefu karibu na kilele ilishangaza dunia. Vibali vya Nepal mwaka ule vilikuwa 381. Mwaka 2023 vilitolewa 478. Mwaka 2025 ada ya kibali ilipanda kutoka dola 11,000 hadi 15,000, na sioni kama hilo litamzuia mtu ambaye tayari ametenga dola 50,000.

Wateja nao wamebadilika sura. Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro, alikuwa Mtanzania wa kwanza kileleni, Mei 2012. James Kagambi alikuwa Mkenya wa kwanza, mwaka 2022, akiwa na miaka 62, ndani ya kikosi cha wapandaji weusi watupu. Mei 2024 Mkenya mwingine, Cheruiyot Kirui, alijaribu kufika bila oksijeni ya mtungi akafia karibu na kilele. Magazeti ya Nairobi yalimlilia kwa siku nyingi. Nawang Sherpa, mwongozaji aliyekuwa naye, alipotea mlimani hapo hapo, na jina lake lilipita kwa mstari mmoja.

Huko Khumbu watoto wa Washerpa waliofanikiwa husomea Kathmandu au ng'ambo. Kami Rita, aliyefika kileleni mara 31 kufikia Mei 2025, amesema hataki wanawe waifuate kazi yake. Mizigo sasa inazidi kubebwa na vijana wa jamii za Rai na Tamang kutoka mabonde ya chini, na mara nyingi mwajiri anayewapangia ujira ni Msherpa. Tangu 2024 kumeanza majaribio ya droni zinazovusha ngazi na mitungi juu ya mteremko wa Khumbu kwa dakika chache, njia inayomchukua mpagazi saa kadhaa, na wengi wa vijana hao wanalipwa kwa mzigo.