Debe la Mafuta ya Taa

Katika soko la Kariakoo, mjini Dar es Salaam, mahindi na maharagwe hupimwa kwa debe. Wengi hudhani kipimo hicho ni cha asili yetu, lakini sivyo. Debe lilifika pwani na merikebu likiwa limejaa mafuta ya taa, galoni 4. Mafuta yakateketea taani, bati likabaki la kupimia nafaka na kuchotea maji. Hata jina la Kariakoo lilitoka ng'ambo; ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, waliopiga kambi pale baada ya Waingereza kuutwaa mji mwaka 1916.

Basi na tuyatazame mafuta hayo jinsi yalivyo. Ndani yake mna kaboni, ambayo ndiyo asili ya makaa, na haidrojeni, navyo vimeungana kwa namna nyingi. Jamaa ya kwanza, waitwao alikani, kaboni zao nyingi hushikana kama mnyororo. Hao ni wapole, hawapatani upesi na vitu vingine. Lakini wakiguswa na moto huungana na oksijeni ya hewani, wakatoa joto, mwanga, mvuke wa maji na hewa ya ukaa. Jamaa ya pili kaboni zao 6 hushikana kama pete. Mkuu wao ni benzini, aliyoigundua Michael Faraday huko London mwaka 1825. Hao wana haidrojeni chache kwa kila kaboni kuliko alikani, kwa hiyo moto wao hutoa masizi mengi.

Katika jamaa hiyo ya pete wataalamu wamepata rangi za nguo, dawa, na vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo sandukuni. Lakini benzini yenyewe, mtu akiivuta siku nyingi, huweza kumletea saratani ya damu.

Twajua sasa kwa nini koroboi hutia dari weusi. Utambi wake hauna kioo cha kuvuta hewa, na oksijeni ikipungua kaboni haiungui yote. Nyingine huwa masizi kifuani mwa watoto wasomao usiku. Nyingine huwa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo watu waliolala chumba kilichofungwa.

Tena mafuta ya taa na dizeli ni ndugu, huchanganyika pasipo kujitenga. Kwa kuwa mafuta ya taa yalitozwa kodi ndogo, ili maskini wapate mwanga, wafanyabiashara wenye tamaa waliyatia katika dizeli na kuharibu mitambo ya watu. Mwaka 2010 mamlaka ya EWURA ilianza kutia mafuta alama ya kuwatambua wadanganyifu. Na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa, bei yake ikakaribia ya dizeli. Hivyo hila ya wachache ikalipwa na mama auzaye karanga usiku kwa mwanga wa koroboi. Maandiko hayakukataza bure kipimo cha uongo: mwenye kudhulumu katika debe humdhulumu hata asiyemjua.

Lakini jamaa ya alikani imetuletea na heri. Mdogo wao kuliko wote ni methani, kaboni 1 na haidrojeni 4, ambayo huungua karibu bila masizi. Ndiyo sehemu kubwa ya gesi iliyoonekana katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa, mwaka 1974. Tangu mwaka 2004 gesi hiyo hupita katika bomba mpaka Ubungo, ikazungusha mitambo ya umeme. Nazo taa za Kariakoo huwaka kwa moto usioonekana na wachuuzi.

Ndugu wasomaji, kwenu ambako koroboi ingali yawaka, acheni dirisha wazi, na mkiweza tafuteni taa yenye kioo, au ile ya nguvu za jua. Wala msimimine petroli katika taa ya mafuta, maana mvuke wake hulipuka. Moto ni mtumishi mwema kwa ampaye hewa ya kutosha na mafuta yasiyoghoshiwa.